Bwana Kitufe

Jumamosi hiyo duka la vifaa vya umeme lilifurika mpaka mlangoni. Watoto walililia michezo, spika zilishindana kelele, na mbele ya kaunta ya malalamiko foleni ilijikunja kama haina mwisho. Mpiga piano alisimama katikati yake, amevaa gauni lake la bluu la kazini na viatu bapa, amekumbatia kishikwambi kikubwa cha kusomea noti za muziki. Hakuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, na nguvu zake zilikuwa zimeishia kwenye mgahawa wa hoteli, alikopiga piano kila mchana huku watu wakitafuna na kuongea biashara zao. Kupigia watu wasiosikiliza kulimfanya afe ganzi, naye alikwisha kuzoea.

Nyuma ya kaunta alikaa kijana mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa vizuri ila mkono mmoja ulikuwa na madoa ya gundi.

"Karibu, dada. Kina tatizo gani?"

"Chenyewe hakina tatizo. Aliyekibuni ndiye mwenye tatizo."

Kijana akainua macho. "Haya, mseme tumsikie."

"Kioo kizuri, hakiumizi macho, ukurasa mzima wa noti unaonekana. Sasa niambie, nani mwenye akili zake timamu anaweka kitufe cha kuzimia kwenye ukingo wa chini? Mimi nakisimamisha juu ya piano. Uzito wake wenyewe unabonyeza kitufe. Niko katikati ya wimbo, mara giza!"

"Pole sana."

"Pole yako baki nayo. Nipe namba ya simu ya huyo mtu."

"Ni mimi," kijana akasema.

Foleni yote ikaangua kicheko. Yeye ndiye mbunifu wa umbo la kifaa kile, na bosi wake alikuwa amemtuma akae kaunta siku hiyo asikie vilio vya wateja kwa masikio yake. Hakujitetea. Alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akasema, "Naomba urudie tangu mwanzo, taratibu." Akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Mpiga piano alipotoka dukani na ile namba aliyoiomba, alijishangaa kuona kwamba anatabasamu peke yake barabarani.

Kuanzia hapo simu hazikukauka.

"Bi Malalamiko, umeamkaje?"

"Salama, Bwana Kitufe. Umekihamisha?"

"Bado, kipenzi. Bosi anasema tukikipeleka pembeni itabidi betri isogee, na betri ikisogea kifaa kitanenepa."

"Basi kinenepe! Wembamba tunakula?"

"Nimemwambia hivyohivyo. Karibu anifukuze."

Mchana, akipata nafasi, Mbunifu alikuja hotelini. Alivuta kiti akakaa upande uleule siku zote, kando ya piano, chai yake ikipoa bila kuguswa. Katika mgahawa mzima ni yeye peke yake aliyesikiliza. Mpiga piano alianza kuhisi vidole vyake tena. Alimpenda, na hakuona sababu ya kujificha.

Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea na anayekaa naye, hakuridhika upesi.

"Huyo anayekuchekesha kwenye simu mpaka mboga inaungua ana nia, au anakupotezea muda?"

"Ananisikiliza, shangazi."

"Hata kinyozi anasikiliza, mwanangu. Mwulize anaoa lini."

Ndipo ikatangazwa nafasi ya kudumu katika okestra ya ukumbi mkuu wa jiji. Mpiga piano alikuwa ameisubiri tangu alipomaliza masomo. Akiipata, hatapigia tena sahani na vijiko. Shangazi alimshonea gauni la rangi ya kijani iliyokolea, mikono mifupi ili viwiko vicheze. Jioni ya kuamkia usaili, Mbunifu alifika mbio na sampuli mpya, bado inanuka gundi. Kitufe kilikuwa kimehamia ukingo wa kulia, kimelala bapa, kizuri.

"Bosi amekubali! Hiki ni cha kwanza kutoka karakana. Nimekipiga msasa mwenyewe."

Mpiga piano alifungua kurasa chache palepale sebuleni, taratibu. Kilifanya kazi vizuri. "Ila nitabeba na karatasi zangu," alisema.

"Acha makaratasi, mpenzi. Niamini."

Akamwamini. Karatasi zikabaki juu ya cherehani.

Siku ya usaili alianza vizuri, majaji wakaacha kunong'onezana. Wimbo ulikuwa wa kasi. Ulipofika mwisho wa ukurasa, mkono wake wa kulia uliruka kama ulivyozoea, kidole cha shahada kwenye kioo, kidole gumba kikabana ukingo. Kikabana kitufe. Kioo kikawa kitupu. Alikiwasha upya, na kabla noti hazijarudi sauti ya jaji ikatoka gizani, ya upole kabisa: "Asante, inatosha."

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, alimpigia Mbunifu simu.

"Kimezimika."

Mbunifu akauliza, "Ulikishikaje?"

"Unasemaje?"

"Mkono wako, uliuweka wapi hasa?"

"Nimekuambia kimezimika mbele ya majaji, nafasi yangu imekwenda, nawe unaniuliza nilikishikaje?"

"Subiri, mpenzi, nataka tu kujua..."

Akakata. Hakulia. Alingoja kilio kama mtu angojavyo chafya, hakikuja. Alipanda basi, akapitiliza kituo chake, akarudi kwa miguu. Shangazi alipomfungulia mlango alimwangalia usoni, akamvua gauni kama mtoto mdogo, akamlaza bila kuuliza neno.

Siku zikapita zikifanana. Alikula alipopewa chakula. Simu ya Mbunifu ilipolia aliitazama mpaka ikachoka. Hotelini alipiga piano bila kukosea hata noti moja, na hakusikia alichopiga. Shangazi akisema, "Basi mtukane hata mara moja, upumue," alijibu, "Sina la kumwambia." Na kweli hakuwa nalo.

Mchana mmoja Mbunifu aliingia mgahawani. Alikuwa amekonda, shati halijapigwa pasi. Alisimama mbele ya piano, hakuvuta kiti.

"Naomba niseme, kisha niondoke."

"Sema."

"Mimi ni mashoto. Kurasa nafungulia upande wa kushoto, nikaona ukingo wa kulia uko wazi. Nimefuta ile sampuli, tunaanza upya. Lakini sikujia hilo."

"Ulikaa hapa mchana baada ya mchana," alisema kwa sauti kavu. "Hukuuona mkono wangu?"

"Sikuuona. Nilikuwa nakutazama usoni."

Maneno hayo siku nyingine yangemyeyusha. Siku hiyo yalipita tu, kama ya meza ya jirani.

"Nilichokujia ni lile swali," Mbunifu akaendelea. "Mafundi kitu kikiharibika huuliza hivyo kwanza. Nilikuwa natafuta kosa langu, nikalitafutia mkononi mwako. Nilipaswa niseme pole, ninyamaze. Nisamehe. Na nataka tuoane. Najua nimechagua wakati mbaya."

Mpiga piano alijichunguza ndani, kwa uaminifu kabisa, akitafuta furaha au hata chuki.

"Nimekufa ganzi," alimwambia. "Sikuchukii. Sijui kama nakupenda. Nikisema ndiyo nitakuwa nimekudanganya, nikisema hapana vilevile."

Akangoja amwulize kwa nini, tangu lini, kwa sababu gani. Mbunifu hakuuliza. Alimsikiliza mpaka mwisho, macho yamemjaa machozi.

"Nimekusikia," alisema. Akageuka, akatoka.

Mpiga piano akarudisha vidole kwenye piano, kwa kuwa saa zake za kazi zilikuwa hazijaisha. Alipiga wimbo mtulivu, ule wa kusindikizia chakula. Katikati yake kitu kikamchoma chini ya mbavu. Akajaribu kuendelea, kikachoma tena, na vidole vikasimama vyenyewe. Mgahawa ukanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, watu waliinua vichwa kutoka kwenye sahani zao, wakamtazama. Hakuwajali. Machozi yalikuwa yanamdondoka mapajani, na simu iko sikioni.

"Haloo? Mpenzi?"

"Inauma," alisema.

Mbunifu alimsubiri amalize.

"Nafasi yangu inaniuma. Swali lako linaniuma. Ulivyoondoka hivi sasa hata hukubishana, ndiyo inaniuma kuliko vyote. Nimekukasirikia, unasikia? Nimekukasirikia mno!"

"Nasikia."

"Uko wapi?"

"Kituoni. Basi ndio linasimama."

"Liache liende. Rudi nikugombeze kwanza, hayo ya ndoa tutaongea nikishamaliza."

Kwenye simu alisikia mlango wa basi ukifungwa, injini ikinguruma na kutokomea. Kisha zikabaki pumzi za mtu anayekimbia.