Mshika Pini

Kila akitoka shuleni, Kiroboto aliutupa mkoba nyuma ya mlango, akanywa maji akiwa amesimama, kisha akaingia chumba cha kushonea kuokota pini zilizoanguka sakafuni. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu hakuweza kukaa mahali pamoja hata kwa muda wa kutia uzi kwenye sindano. Mama alikuwa fundi cherehani. Dada mkubwa, aliyekuwa amemaliza shule, ndiye aliyekata vitambaa.

Siku hizo Kiroboto alikuwa na kazi nyingine, ya kichinichini. Mama akitoka tu, dada alivaa gauni lake mwenyewe na kusema, "Nishikie pini, nipunguze ubavuni." Baada ya siku chache alipunguza tena, na tena. Nguo zilimkaa sawasawa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka kwamba anakonda. Wateja walimsifu eti amependeza! Mama akimwuliza mbona hali chakula, alijibu kwamba ameshakula, au tumbo linamsumbua.

"Dada, unaumwa?" Kiroboto aliuliza siku moja.

"Niumwe wapi? Tena ukimwambia mama, mimi na wewe basi."

Maneno hayo yalimkosesha raha. Darasani alizungusha kalamu mpaka mwalimu akamnyang'anya. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Alimpenda dada yake kupita kiasi, na aliogopa kununiwa naye kuliko adhabu yoyote.

Mchana mmoja dada alikuwa akikata kitambaa cha sare za shule. Mkasi ukamponyoka. Akashika meza, miguu ikamlegea, akaketi sakafuni. Mama akaacha cherehani na kumkimbilia.

"Ni joto tu, mama," dada alinong'ona, huku akimkata Kiroboto jicho.

Kiroboto alihama mguu huu na ule. Kisha yakamtoka yote. "Si joto! Hali chakula, mama. Gauni lake amelipunguza mara nyingi. Mimi ndiye ninayemshikia pini!" Akaangua kilio.

Mama aligeuza mshono wa ubavuni, akaona kitambaa kingi kilichokunjwa ndani. Fundi hahitaji kuelezwa jambo kama hilo. Alichukua mtandio wake, wakaenda hospitali.

Nesi aliwaeleza kwamba huo ni ugonjwa, unaitwa anoreksia. Mgonjwa huogopa kunenepa hata akiwa amebaki mifupa. Hana kiburi wala hadeki, na hutibika. Lakini dada aligeukia ukutani. "Sijawaomba mnitibu," alisema. Akalazwa. Leo alikula kidogo, kesho akaisukuma sahani. Mama alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena.

Mwishowe nesi alivuta kiti. "Tuache habari za sahani kwanza. Ukipata nguvu, unataka kufanya nini?"

Dada aligeuka kutoka ukutani. "Nataka kukata gauni la bibi harusi, tangu mwanzo hadi mwisho, bila mikono kutetemeka."

"Basi tuanzie hapo."

"Na siku nisipotaka kupona?"

"Zitakuwepo siku hizo, mdogo wangu. Utakula hivyo hivyo, na wenzako watakaa nawe."

Dada aliruhusiwa kurudi nyumbani, akawa anakwenda kliniki. Kiroboto hakusemeshwa naye hata neno. Alifagia chumba kilichokwisha kufagiliwa, akapanga nyuzi, akazipangua. Moyo ulimuuma.

Jioni moja, wakiwa mezani, dada aliitazama sahani yake kwa muda mrefu. "Leo sitaki kupona," alisema. Machozi yalimtiririka dada, lakini akaivuta sahani. "Nitakula tu. Wewe Kiroboto, njoo ukae hapa karibu yangu. Na utulie!"

Kiroboto alikaa mpaka dada akamaliza. Walikaa sana.

Baadaye, wakiosha vyombo, mama alimwambia, "Ugonjwa wake si kosa lako, mwanangu. Hata mimi, fundi mzima, sikuuona. Lakini siri inayomuumiza mtu usiitunze. Mwambie mtu mzima mapema, hata kama mwenzako atakununia."

"Nilidhani hatanisemesha tena maisha."

"Angekununia mwaka mzima, ningefurahi," mama alisema, akijifuta macho kwa kiwiko. "Anayenuna yu hai."