Umewahi Kutumia Jina Lingine?

Mama yangu humwita binti yangu dada. Mimi humwita Mama Mkubwa. Nikitaka amwage takataka au awape mbwa chakula, husema, "Mama Mkubwa, nisaidie." Wageni wa kusini hucheka wakitusikia. Sisi wa huku kaskazini, kwenye nchi ya barafu, tumezoea.

Niviaq, dada mkubwa wa mama yangu, alifariki zamani, kabla mimi sijazaliwa. Binti yangu alipozaliwa alilia siku tatu. Hakunyonya wala hakulala. Mama akamwinamia sikioni akamwita, "Niviaq." Mtoto akanyamaza hapo hapo, akamtazama mama usoni kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo jina likawa lake, na mwenye jina akawa amerudi. Kwa kifupi tunamwita Nivi.

Mimi ni mpishi wa shule. Naitwa Geela. Ninaandika habari hii kwa sababu kosa lililotokea nyumbani kwangu lilikuwa langu, na sitaki mzazi mwingine alirudie.

Nivi alikuwa na miaka kumi na minane, mwaka wake wa mwisho shuleni. Alitaka kusomea shahada ya uuguzi. Wauguzi wa kituo chetu cha afya hutoka kusini. Wanakaa wiki sita, wakianza tu kuyatamka majina yetu vizuri, wanapanda ndege na kuondoka. Nivi alitaka kuwa muuguzi asiyeondoka. Chuo alichokitaka kiko Ottawa, huko kusini, na maombi yanafanyika kwenye mtandao.

Ilikuwa Desemba. Tulikuwa tumemaliza kula nyama ya sili, mnyama wa bahari ya barafu, na redio ilikuwa inasoma namba za bahati nasibu. Zilikuwa saa za mchana, lakini nje kulikuwa na giza, maana jua letu huondoka Novemba na hurudi Februari. Nivi aliweka kompyuta mezani akaanza kujaza fomu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule. Kisha akasimama.

"Wanauliza kama nimewahi kutumia jina lingine," alisema. "Nijibu nini?"

Nilimwambia ajibu hapana. Mama alikuwa anashona viatu vya ngozi karibu na jiko. Hakuinua macho.

"Waambie ukweli, dada," alimwambia Nivi. "Kanisani walikuandika Martha."

Nivi aliitazama fomu kidogo. Kisha akajibu ndiyo, akaandika: Martha Niviaq. Niliona, nikamwacha aendelee. Ningesema nini? Martha lilikuwa jina la ubatizo la marehemu, lakini kwetu ni la Nivi pia.

Fomu ilitaka pia wadhamini wawili, yaani watu wawili wa kuandika barua kuhusu tabia na kazi ya mwombaji. Wa kwanza alikuwa mwalimu wake wa biolojia. Mama akadai nafasi ya pili. Aliuliza ni nani anayemjua Nivi kumshinda yeye, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Aliandika siku nne, kwa maandishi ya lugha yetu. Mimi nikapewa kazi ya kutafsiri kwa Kiingereza. Nilitafsiri neno kwa neno, kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai.

Barua ilisema hivi: "Namfahamu Niviaq tangu nilipozaliwa. Mikono yake haitetemeki. Mwaka 1961 alinizalisha mtoto wangu wa kwanza, peke yake, upepo ukivuma. Mtoto alitoka akiwa wa buluu. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Niviaq alikifungua kwa kidole kimoja, akamfyonza puani, akangoja mpaka akalia. Mpeni nafasi. Amengoja muda mrefu."

Nilipofika kwenye kitovu, kalamu ilisimama. Siku mbili kabla, Nivi alikuwa amenionyesha maelezo yake mwenyewe, yale ya kueleza kwa nini anataka uuguzi. Alikuwa ameandika kwamba tangu utotoni anaota ndoto moja. Ameshika mtoto wa buluu. Kitovu kimemzunguka mara mbili. Watu wamesimama nyuma yake, lakini hawaoni, na mikono yake inajua la kufanya.

Nilimwuliza ni nani aliyemsimulia. Alisema hakuna mtu. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo, na huyo mtoto wa buluu ni kaka yangu. Nikamwendea mama, nikamwuliza kama aliwahi kumwambia Nivi.

"Kwa nini nimwambie kitu alichokifanya mwenyewe?" alisema mama.

Tukatuma kila kitu. Nivi akakaa kungoja barua.

Hapo tulikosea tena. Tulidhani barua italetwa na ndege, pamoja na mizigo ya duka. Januari ikaanza na dhoruba. Ndege hazikutua, mtandao ukawa unakatika, na Nivi hakufungua barua pepe yake kwa siku kumi na moja. Alipoifungua ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Aliniita jikoni kwa sauti ndogo.

Barua ilikuwa fupi. Ombi lake lilikuwa limesimamishwa. Taarifa zake, walisema, zilionekana kuwa za watu wawili. Mmoja alizaliwa mwaka 2006. Mwingine alizalisha mtoto mwaka 1961. Mstari wa mwisho ulisema: "Tafadhali thibitisha wewe ni nani kabla ya tarehe 1 Februari."

Zilibaki siku tisa. Tarehe hiyo ikipita, angengoja mwaka mzima.

Nivi alisimama mbele ya dirisha. Giza la nje lilifanya kioo kiwe kama cha kujitazamia, na nilimwona akijitazama bila kupepesa macho. "Sijui nijibu kama nani," alisema.

Mama alipoambiwa, aliweka sindano chini. Akasema, "Kumbe wameanza tena na namba zao." Ndipo nikaogopa kweli. Mwaka 1962 meli ya hospitali ilikuja, watu wakapigwa picha za kifua. Niviaq alikutwa na kifua kikuu. Walimwandika namba mgongoni mwa mkono, na hawakumruhusu kushuka hata kuchukua nguo zake. Alifia kusini. Nilianza kufikiri kwamba huenda kuna kitu kinachomzuia binti yangu, au, vibaya zaidi, kuna kitu kinachomwita huko. Sikulala vizuri siku hiyo, nakiri.

Kesho yake nilimfunga Nivi skafu usoni, tukaenda kituo cha afya kumwona Jaypiti. Jaypiti ni mkalimani wa pale. Alisoma uuguzi miaka miwili, akarudi kumtunza baba yake. Ni mtu wa utani, lakini mambo ya chuo anayajua. Alisoma ile barua yote mpaka mwisho, kisha akamtazama Nivi kuanzia kofia hadi viatu.

"Karibu, bibi wa miaka tisini," alisema. "Umejitunza vizuri."

Nivi akacheka, mara ya kwanza tangu jana. Mimi sikucheka. Nilimweleza Jaypiti yote: jina, ndoto, kitovu. Utani ukamwishia. Akaifunga kalamu yake, akaifungua tena.

"Dada Geela, nisikilize," alisema. "Hayo mengine mimi siyagusi. Lakini fomu haimwulizi Nivi yeye ni nani. Fomu inauliza karatasi zake zinasemaje."

Akaomba karatasi zenyewe. Cheti cha kuzaliwa kiliandikwa Niviaq Akavak. Matokeo ya shule yaliandikwa Nivi Akavak. Jaypiti akaweka vidole viwili juu ya majina hayo mawili.

"Jina lingine ndilo hili," alisema. "Nivi. Ni lako wewe, limeandikwa kwenye karatasi yako wewe. Hilo ndilo walilotaka kujua. Martha hana karatasi hapa."

Alituambia jina la fomu lazima lilingane na la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Kama shule, kadi ya chanjo au karatasi nyingine ina jina tofauti, mwombaji aseme mapema. Akauliza matokeo yalitumwaje. Nivi alisema aliyapiga picha kwa simu akayatuma. Jaypiti akatikisa kichwa. Matokeo hutumwa na shule yenyewe, moja kwa moja hadi chuoni, ili yaaminike. Akayapitia masomo yake: biolojia, kemia, hisabati, Kiingereza. Yote yalikuwepo. Alisema wapo watoto wanaogundua kwenye mwezi wa mwisho kwamba hawakusoma kemia, na hapo hakuna barua ya kuwasaidia.

"Na mdhamini?" niliuliza, ingawa aibu ilikuwa imeshanipanda.

"Mdhamini asiwe ndugu. Hata bibi yako angekuwa waziri, hafai. Awe mtu aliyekuona ukifanya kazi."

Kwa miaka miwili Nivi alikuwa akienda kila Jumamosi kwenye nyumba ya wazee. Anawaosha nywele, anawakata kucha, anawasomea barua zao. Msimamizi wa pale ni mama wa kusini. Sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Nilimwambia Jaypiti kwamba yule ana miaka mitatu tu hapa, anamjua Nivi kwa lipi?

"Anajua Nivi alifika saa ngapi kila Jumamosi," alisema. "Ndicho wanachokitafuta."

Basi kumbe mtu niliyemwona mgeni ndiye aliyekuwa shahidi. Nilijiona mjinga, na nilistahili.

Jaypiti akatuonyesha namba ya simu chini ya ile barua. Alisema kuna mtu analipwa kupokea maswali, na kumpigia si kuomba fadhila. Nivi akapiga hapo hapo, simu ikiwa mezani ili sote tusikie. Siku hiyo njia ya simu ilikuwa mbaya. Kila Nivi alichosema kilirudi kwa kuchelewa kidogo, kama kuna mtu wa pili nyuma yake anayesema maneno yale yale.

Mwanamke wa chuoni aliuliza anazungumza na nani. Nivi alinitazama, kisha akaitazama simu.

"Niviaq Akavak," alisema. "Nimezaliwa tarehe tisa Machi, mwaka elfu mbili na sita."

Sauti ya pili ikarudia jina, polepole. Tarehe haikuirudia.

Tulitazamana. Jaypiti akasema mitambo ya siku hizi haina akili. Yule mwanamke hakuwa amesikia kitu. Alieleza kwa upole kwamba ombi halijakataliwa. Kilichotakiwa ni maelezo mafupi ya majina, matokeo kutoka shuleni, na mdhamini mwingine. Nivi akaandika yote, akauliza jina la mwanamke huyo, akaliandika pia.

Nilichukua barua ya mama nikamwuliza Jaypiti kama niitupe.

"Usithubutu," alisema. "Hii si barua ya mdhamini. Hii ni sababu. Nivi aiweke kwenye maelezo yake mwenyewe, na aseme wazi ni nani alifanya nini."

Tulihangaika siku sita. Shule ilituma matokeo. Msimamizi wa nyumba ya wazee aliandika barua siku hiyo hiyo aliyoombwa, na akashangaa kwamba hatukumwomba mapema. Nivi akaandika upya maelezo yake. Alieleza kwamba kwetu jina hurithiwa, na anayelirithi huitwa kama alivyoitwa mwenye jina wa kwanza. Akaeleza kwamba Niviaq wa kwanza alikuwa dada wa bibi yake, mkunga, na kwamba alifia hospitalini kusini. Kuhusu nafsi yake aliandika, "Mimi sijamzalisha mtu yeyote. Nimewaosha wazee nywele kwa miaka miwili. Nataka kujifunza yaliyobaki." Ndoto aliibakiza, kwa mstari mmoja tu. Yote yalifika tarehe thelathini. Tangu hapo alifungua barua pepe kila siku kabla ya chai.

Jibu lilikuja Mei, mchana, jua likiwa limejaa jikoni. Amekubaliwa. Nililia bila kujificha. Mama hakulia. Alisema kompyuta haishikiki, anataka karatasi. Nivi akakimbia kwa Jaypiti kuchapisha.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Hajui Kiingereza. Alipitisha kidole juu ya mistari.

"Wameandika Niviaq?"

"Wameandika, mama," nilisema. "Hili hapa."

Akaweka kidole juu ya jina, akakaa nalo. Kisha akatuambia jambo ambalo hakuwahi kuliambia mtu. Baada ya meli kuondoka, alishuka ufukweni kila kiangazi meli iliporudi, akauliza kama kuna barua. Alienda viangazi saba. Hakuna aliyemwandikia kwamba dada yake alifika, wala kwamba amekufa, wala alizikwa wapi. Habari ya kifo aliisikia kwa mgonjwa mwingine aliyepona.

Nivi aliinama karibu naye. Alimweleza kwamba chini ya barua wameomba awajibu kama anaikubali nafasi. Ana wiki tatu, na asipojibu nafasi atapewa mtu mwingine.

"Wajibu sasa hivi, dada," alisema mama. "Usiwangojeshe kama nilivyongojeshwa mimi."

Nivi akavuta kiti, akajibu.