Yashusheni Mawe Hayo

Kila wingu jeusi lilipotokea, mshonaji aliweka sufuria chini ya tundu la kwanza na ndoo chini ya la pili. Cherehani aliifunika kwa nailoni. Kisha alikaa akaitukana mvua. Matusi hayakuzuia hata tone moja, lakini yalimpunguzia hasira.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Katika kimoja alilala na binti yake. Katika kingine alishona sare za shule. Paa lilikuwa na miaka saba tu. Marehemu mume wake aliliezeka kwa mikono yake, akapanga mawe juu ili upepo usilichukue. Kila dhoruba ilipopita, mshonaji aliongeza jiwe. Sasa yalifika thelathini na moja.

Mchana mmoja upepo ulifunua mabati mawili. Jiwe likaanguka hatua moja tu kutoka pale binti alipokuwa akifua. Jioni, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja.

"Shemeji, maji yamezidi unga," alisema. "Bati likifika miaka saba limekwisha. Hamieni kwangu, kuna chumba uani. Nyumba hii tuifanye ghala."

"Na cherehani yangu?"

"Utashonea barazani."

"Sihami ng'o! Kila tofali la nyumba hii nimelibeba kichwani."

"Haya. Dhoruba nyingine ikija, nakuja na mkokoteni kuchukua vyombo."

"Njoo nao!"

Usiku huo mshonaji alilia, kwa sababu aliogopa. Asubuhi akamwita fundi wa paa. Mtaa mzima ulimwita fundi huyu Paka, kwani alipanda paa bila ngazi.

"Mawe haya ni ya nini?" Paka aliuliza kutoka juu.

"Yanazuia bati lisiruke."

"Yamezuia?"

Mshonaji akayatazama mabati mawili yaliyofunuliwa.

"Yashusheni yote. Jiwe linakwangua bati na kukaa na unyevu, kutu inaanzia hapo. Tena nusura liue mtoto."

"Kwa hiyo bati halijazeeka?"

"Miaka saba? Bado kijana! Bati nene, likifungwa vizuri, linafika miaka ishirini na zaidi. Ila jua likiwaka linatanuka, jioni linasinyaa. Kila siku hivyo hivyo, mpaka msumari unalegea. Upepo ukiingia chini, unaliinua."

"Uliolegea nilikuwa naugongea mwenzake pembeni," alisema mshonaji.

Paka alicheka mpaka akashika mbao. "Mama wee! Kifungo kikilegea, unalitoboa shati upya pembeni?"

"Hapana. Nakikaza palepale."

"Basi na bati ni vilevile. Tundu jipya ni mlango mpya wa maji."

Paka alimwonyesha kosa lingine. Misumari ilipigwa kwenye mabonde ya bati, mahali maji yanapopita. Yeye aliyaziba matundu ya zamani kwa lami, kisha akapiga kwenye migongo misumari yenye kofia na mpira wa kuziba tundu. Mabati yaliyoliwa na kutu aliyabadilisha kwa mapya, mazito. Kisha alizifunga kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwenye ukuta kwa mikanda ya chuma.

"Msumari peke yake haushindani na upepo," alisema. "Paa lishikwe na ukuta. Na kila mwaka, kabla ya mvua, likaguliwe. Usingoje sufuria ikuambie."

Majirani waliona mawe yakishushwa wakatikisa vichwa. "Safari hii litaruka mpaka mtaa wa pili," walisema.

"Litakaa!" mshonaji alijibu. Binti aliyapanga mawe yale mlangoni, yakawa njia ya kukanyaga wakati wa tope.

Miezi miwili baadaye dhoruba ilikuja, kubwa kuliko zote. Upepo ulivuma mchana mzima. Mabati yalilia, kenchi zikaguna, na mshonaji akaendelea kushona. Sufuria ilikuwa jikoni, na maharagwe ndani yake. Hakuna tone lililoanguka.

Mvua ilipokatika, shemeji alitokea akisukuma mkokoteni. Alisimama mlangoni, akatazama juu. Halafu akatazama sakafu kavu.

"Umechelewa, shemeji," alisema mshonaji. "Lakini mkokoteni umefaa."

Yeye na binti walibeba sare arobaini, kavu, zimepigwa pasi, wakazipanga mkokotenini na kuzifunika kwa ile nailoni ya zamani.

"Shule ni kule," alisema. "Sukuma polepole, zisichafuke."