Ngatia Aliyejiandika Mzima

Wazee wa Othaya, na nyinyi vijana mnaotia sahihi kabla ya kusoma, nipeni sikio. Mwaka wa 1967 nyumba ya Ngatia ilikuwa imetulia. Mkewe Kagure alichuma kahawa akiimba nyimbo za kanisani, na watoto wao wawili walienda shule. Ngatia mwenyewe alikuwa askari huko kaskazini, akipigana na mashifta, wale waasi wa mpakani, na barua zake zilifika kila mwezi.

Kisha lori lao la jeshi likakanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Vipande vya chuma vilimwingia mguu wa kushoto na vingine vikabaki humo humo. Akiwa bado kitandani kambini, alipata habari kwamba baba yake anawagawia wanawe shamba, na ukoo utakutana mwezi huo.

Mnajua tulivyo mambo ya shamba yakija. Ngatia aliogopa kwamba ndugu yake mkubwa, Wamae, angewaambia wazee kiwete hawezi kulima, apewe kile kipande cha bondeni chenye mawe.

Sajini Kioko, karani wa kambi, alimsihi. "Ngoja bodi ya madaktari. Wakiandika umeumia kazini, serikali itakulipa mpaka ufe."

"Hiyo bodi inakuja lini?"

"Miezi tatu, ama nne. Na kabla ikuje, mgonjwa haruhusiwi kutoka."

"Shamba inagawanywa mwezi hii, sajini. Andika natoka kwa kupenda kwangu, na niko mzima."

"Ukitoka hivyo, hakuna kitu utaitisha baadaye."

"Wewe andika tu."

Akatia sahihi, akaja nyumbani.

Siku ya kugawa, alisimama tangu asubuhi hadi saa tisa bila fimbo, damu ikimlowesha soksi. Akapewa kipande cha juu, karibu na barabara. Mimi ni wa ukoo wao na nilikuwepo. Nilimpa mkono wa pongezi, mjinga mimi.

Mwaka uliofuata mguu ulianza kutoa usaha. Baadaye ukakatwa juu ya goti. Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu barua pale sokoni, nilimwandikia ombi la fidia. Tuliandika mara tano. Jibu lilikuwa lile lile: aliondoka jeshini kwa hiari yake, akiwa mzima, na sahihi ni yake.

"Si waje waangalie hii mguu?" aliniuliza.

"Wanaangalia karatasi, Ngatia."

Nilimwonea uchungu, na hasira pia nilikuwa nayo, siwafichi.

Shamba likaota magugu. Kagure akawa kibarua katika kahawa ya Wamae, na watoto wakaacha shule wakamsaidie. Ngatia alifariki mwaka wa 1973, kidonda cha pale mguu ulipokatwa kikiwa hakijapona. Tulimzika katika kile kipande cha juu.

FUNZO

Mwenye mtoto jeshini au polisi amwambie hivi: ukiumia kazini, usikubali kutoka kabla jeraha lako halijaandikwa na daktari, hata ukiitwa nyumbani kwa jambo gani. Jinsi ulivyotoka ndivyo utakavyohesabiwa, na hakuna atakayekuuliza tena.

Na sisi tunaoketi kugawa mashamba tunalo letu. Kikao kile kingeweza kuahirishwa miezi minne bila mtu yeyote kupungukiwa. Ngatia hakuthubutu kutuomba, kwa sababu alitujua.