Taa ya Namba Nne

“Mama Luka, umefuata nini hapa?”

“Kujifunza kinanda. Namba saba haina mtu.”

Zabron, mume wangu, akawatazama wanafunzi wake. Hakuna aliyegeuka. Darasa lake la Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa pale Tunduma, huwa kimya. Kila kinanda kina hedifoni zenye maiki, kwa hiyo unasikia vidole vikigonga plastiki tu, na malori nje yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Mwalimu anakaa mbele na boksi la swichi. Akibonyeza namba yako, taa yake inawaka, mnasikilizana ninyi wawili tu. Akitaka, anaunganisha wanafunzi wawili wacheze pamoja.

Sikuwa hata na hasira. Nilikuwa nimechoka. Mwaka mzima mtu anarudi, anakula, anasema ameshinda akiongea, anageukia ukutani. Halafu juzi Damiano wa namba mbili akanitumia meseji: “Shemeji, sipendi umbea. Ila taa ya namba nne haizimiki.”

Nikavaa hedifoni. Taa ya saba ikawaka.

“Yudita, nenda nyumbani. Tutaongea.”

“Lini? Niunganishe na namba nne.”

“Usinifanyie hivi.”

“Unganisha, au nimwite kwa sauti.”

Akabonyeza. Namba nne alikuwa Scola, binti wa Mlowo anayeuza vitenge karibu na mpaka.

“Abee, mwalimu,” akaitika, sauti laini ya mtu aliyekuwa anasubiri.

“Si mwalimu. Ni mke wake. Usigeuke.”

Vidole vyake vikasimama.

“Mke? Aliniambia mliachana tangu Pasaka.”

“Pasaka nilimpigia pasi suti aliyovaa.”

“Dada, naapa sikujua. Mwezi uliopita alileta barua ya posa kwa mjomba wangu.”

“Jumapili ya mwisho?”

“Ndiyo.”

“Aliniaga anakwenda Mkwajuni kupiga kinanda msibani. Nikamfungia maandazi.”

Scola akasema, akilia, “Maandazi tuliyala.”

Akavua hedifoni, akaenda mbele, akaweka kitabu chake juu ya lile boksi.

“Barua yako itarudi kesho,” akasema kwa sauti. Darasa zima likainua vichwa. Akatoka.

Taa ya saba ikawaka tena.

“Mke wangu, nisikilize. Nilipotea. Hakuna kama wewe, Yudita. Nakupenda.”

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu nimzae Luka. Iliingia ndani kabisa ya masikio, na sitadanganya, ilinipata. Ningekaa pale nikisikiliza mpaka mwisho wa kipindi.

Nikavua hedifoni.

Midomo yake ilikuwa inacheza. Sikusikia kitu. Watu sita walikuwa wanatutazama, na yeye bado ananong'oneza kwenye maiki.

“Sema hivyo hivyo, wasikie na hawa,” nikamwambia.

Midomo ikasimama.

Nikachukua mkoba wangu. Njiani nikampitia mama yake, nikamweleza yote bila kuongeza chumvi.

Saa kumi na mbili jioni meseji ikaingia: “Niko mlangoni. Nifungulie tuongee taratibu.”

Nikajibu: “Mama yako yumo ndani. Anza na yeye. Sema hapo hapo nje, kwa sauti.”

Tukamsikia akikohoa. Akakohoa tena.

“Nani huyo?” mama mkwe akauliza, ingawa alijua.

“Mwanao, mama. Anatafuta swichi.”

Nikaenda kuwapakulia watoto ugali.