Kioo Kisichofunikwa

Picha ya kwanza ya anga ilipotokea na doa, Oralia alimlaumu nondo. Ya pili akalaumu umande. Usiku wa tatu alivua kofia akaitupa chini na kutukana, mpaka mbwa akainuka na kwenda kulala kwingine.

"Nini tena?" aliuliza baba yake, Eusebio, kutoka kwenye kiti chake, blanketi magotini.

"Doa, Baba! Mbingu safi kama sahani, halafu doa."

"Liache. Programu italitupa."

Ndivyo alivyomfundisha tangu utotoni, katika kibanda hiki cha mlimani nje ya kijiji cha Datil, ambacho paa lake aliliweka juu ya magurudumu ya geti kuukuu ili lisukumwe pembeni darubini ione anga. Nebula, wingu la gesi huko mbali angani, ni hafifu mno. Picha moja haikuonyeshi kitu. Unapiga sehemu ileile ya anga usiku kucha, kisha kompyuta inazipanga picha zote moja juu ya nyingine. Kinachopita, iwe ndege au setilaiti, inakitupa. Kilichotulia mahali pake kinazidi kukolea.

Nebula waliyoitaka waliiita Jicho: gesi iliyopulizwa na nyota inayokufa, ikawa duara jekundu lenye buluu ndani. Huonekana vizuri majira ya vuli tu, chini upande wa kusini. Vuli iliyopita moshi wa mioto ya misitu uliziba anga. Majira ya kuchipua mama yake Oralia, Nicanora, akafariki. Na sasa macho ya Eusebio yalikuwa yanakufa kuanzia katikati, hata akitaka kukuona ilimbidi ageuze uso pembeni. Daktari wa Albuquerque alisema baridi ikiisha hatatofautisha uso wa mtu na sahani. Mzee alitaka jambo moja tu, alione Jicho kwenye picha yao wenyewe kabla ya giza.

Lakini programu ilitupa picha nyingi mno, na zilizobaki zilitoa kitu kilichofifia kama kitambaa kilichofuliwa kupita kiasi. Na kibanda kilianza kunuka. Harufu ya mshumaa uliozimwa muda huohuo, ilhali hapakuwa na mshumaa.

Siku moja mchana, maharage yakichemka jikoni, Oralia alifungua zile picha zilizotupwa, akazitazama kwa mfuatano. Doa halikuwa doa. Lilikuwa na kichwa, na shingo iliyopinda, kijivu kama moshi, na katika kila picha lilisogea kidogo kulielekea Jicho, na kila usiku lilianzia pale lilipoishia jana yake. Akafungua zile waziitazo picha za giza, ambazo hupigwa darubini ikiwa imefunikwa mdomo, ili kompyuta ijue kelele za kamera na kuziondoa. Picha hizo huwa nyeusi tupu. Humo ndimo lilimoonekana vizuri kuliko kote, na hapo ndipo alipoelewa, huku maharage yakiungua bila yeye kuyasikia, kwamba kama mdomo ulikuwa umefunikwa basi hicho kitu hakikuwa angani, kilikuwa ndani ya bomba.

Akampigia simu Bibi Práxedes, mganga wa kijiji jirani. Bibi alikuja na pikapu yake, yai moja, majani ya ruda ya kufukuzia mabaya na chupa ya maji ya baraka.

"Bibi, nakusihi," Eusebio alipaza sauti alipoisikia chupa ikifunguliwa, "hicho kioo hakiguswi hata na pumzi!"

"Nyamaza, Eusebio. Kimeshaguswa na kibaya kuliko maji yangu." Akamgeukia binti. "Nicanora alipofariki, vioo vya nyumba mlivifunika kama desturi?"

"Vyote, Bibi. Hata cha kunyolea."

"Na hiki?" Aligonga bomba kwa kidole.

"Hiyo ni darubini."

"Ndani mna nini?"

Oralia alikumbuka. Usiku wa msiba baba yake alikuwa hapa akipiga picha walipomwita, akakimbia ndani, akaacha kila kitu wazi.

"Kioo kikubwa kuliko vyote vyenu," Bibi alinong'ona, "mkakiacha kinatazama juu, na maiti iko ndani."

"Ni Mama?"

"Mama yako alishakwenda zake, mwanangu. Hili ni jini. Limekuta mlango wazi."

Alilipitisha yai juu ya bomba huku akiomba, akalipasua kwenye bakuli. Lilitoka jeusi. Kisha akafunga mdomo wa darubini kwa shuka jeusi. "Lisifunguliwe mpaka mwaka wa msiba uishe."

"Bibi, Jicho litakuwa limezama! Na macho ya Baba je?"

"Macho ni macho. Jini ni jini."

Wiki ile hapakuwa na mwezi wala wingu. Oralia alimkuta baba yake mezani na kioo cha kukuzia, uso pembeni, akiitafuta nebula kwenye ile picha iliyofifia. "Si haba," alisema. "Nadhani nimeiona kidogo." Kumbe alikuwa ameishika juu chini.

Usiku huohuo Oralia alilifungua shuka.

Hakuna kilichopita. Alizikagua picha moja baada ya nyingine, zote safi, hata harufu haikuwepo, akacheka peke yake kwa jinsi alivyokuwa amechoka kukasirika. Mbwa tu ndiye aliyekataa kukisogelea kibanda. Alfajiri alimleta baba yake jikoni, akaiamuru kompyuta izipange.

Jicho lilijitokeza taratibu, jekundu, kisha buluu, zuri kuliko alivyowahi kuota, na kadiri lilivyokolea ndivyo katikati yake kilivyokolea kitu kingine, kilichokuwa hafifu mno kuonekana katika picha moja moja, kijivu, chenye shingo iliyopinda, ambacho programu haikukitupa kwa sababu usiku kucha hakikusogea hata kidogo.

Eusebio alikuwa analia kwa furaha. Katikati hakupaona, aliona duara tu. "Safi, mwanangu. Safi kabisa. Hakuna doa, au siyo?"

"Hakuna, Baba."

Harufu ya mshumaa uliozimwa ikaingia jikoni.

Mzee aligeuza uso taratibu, kama afanyavyo akitaka kuona kitu vizuri. Lakini safari hii hakuwa anatazama kompyuta. Alikuwa ameuelekeza uso ukutani, ili auone mlango ulio nyuma ya binti yake.

"Oralia," alisema kwa upole, "mbona umemwacha mgeni amesimama? Mpe kiti."