Samansi ya Redio Isiyokuwapo

Ndugu zangu wa Muleba, na ninyi mliohamia Bukoba mkajiita watu wa mjini, sogeeni niwaeleze jinsi mtu mmoja wa Kishanda alivyonusurika kufungwa kwa ajili ya redio ambayo haikupata kuwapo duniani hata siku moja. Msiniulize nimejuaje. Samansi yenyewe niliipeleka mimi, kwa baiskeli, nikiwa tarishi wa baraza.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Mwingereza, kahawa ikiwa na bei nzuri hata mbuzi wa Kishanda walitembea kwa maringo. Jioni moja nyumba ya Ta Bartholomayo ilikuwa imetulia. Mkewe, Ma Kokwijuka, mwimbaji wa kwaya ya Walutheri, alikuwa anamenya ndizi. Watoto walikuwa wanaanua kahawa uani. Mwenye nyumba ameketi mlangoni, hana shida na mtu. Ndipo akapita jirani yake, Karugendo, akasema shemeji yake kule Kitendaguro amenunua redio, na sasa kila jioni watu wanamjazia nyumba, kila mmoja na kibuyu chake cha rubisi, pombe ya ndizi.

Maneno hayo yalimwingia Bartholomayo kama funza. Hakuwa na uwezo wa kununua redio, maana alikuwa amekwisha kununua mabati. Lakini mtu mwenye njaa ya sifa hakosi akili. Kesho yake alisimamisha mlingoti mrefu hata kunguru waliotoka ziwani walikuwa wakipumzika nusu ya safari kabla ya kufika kileleni. Akafunga waya kutoka juu hadi dirisha la chumba cha ndani. Kisha akamkabidhi mkewe debe tupu la mafuta ya taa, akamwambia kuanzia leo yeye ndiye atakuwa redio.

Mama wa watu alikataa siku tatu. Akasema mchungaji akijua atamwondoa kwenye kwaya.

"Mchungaji naye ni mgeni," Bartholomayo akamjibu. "Mgeni havuki pazia."

Hapo alisema kweli. Desturi yetu mnaijua: mgeni mwenye adabu hukaa sebuleni, hupewa kahawa ya kutafuna, wala havuki pazia la matete kwenda chumba cha ndani. Basi watu wakaja na rubisi yao, wakakaa, na nyuma ya pazia Ma Kokwijuka akaingiza kichwa ndani ya debe, akasoma habari. Alizitoa wapi? Nyingine sokoni, nyingine kwenye mahubiri, nyingine aliziokota humo humo debeni. Bartholomayo akanenepa. Akaanza kusalimia watu kwa kidole kimoja.

Siku moja habari zilimwishia yule mama. Akasema senene, wale panzi tunaokaanga, mwaka huo wataanguka Ijumaa juu ya mlima wa kanisa. Ijumaa kijiji kizima kikapanda mlima na magunia. Walirudi na mafua.

Wakati huo huo karani mmoja alikuwa akipita barabarani kuhesabu nyaya za redio na kuzilinganisha na daftari la leseni. Alipouona mlingoti ule, akamwuliza mkungu, yaani mkuu wa kijiji, kama ameiona redio yenyewe. Mkungu akajibu kwamba yeye ni mtu wa adabu, havuki mapazia ya watu, lakini kuisikia ameisikia. Karani akaandika: redio bila leseni.

Nilipomfikishia Bartholomayo samansi, alifurahi. Wallahi alifurahi! Aliwaonyesha majirani muhuri, akisema hata serikali sasa inaitambua redio yake. Kisha mtoto wake anayesoma akamsomea mstari wa mwisho: faini shilingi mia tatu, au kifungo cha miezi sita. Mia tatu hakuwa nazo, na kufungwa hakuweza, maana kahawa ilikuwa inaiva shambani.

Siku ya shauri baraza la Muleba lilijaa. Hakimu alikuwa mzee Rugaibula, mtu asiyecheka ovyo.

"Waitu, mheshimiwa," Bartholomayo akasema kwa unyenyekevu, "mimi sina redio."

Watu wakacheka sana. Wakasema, haya, leo ndiyo anadanganya. Mkungu akaapa ameisikia. Karugendo akaapa pia, akapiga chafya, akaonyesha mafua kama kielelezo. Watu wanane waliapa, wote wakweli, wote wacha Mungu.

"Wanane wameisikia," hakimu akasema, "wewe peke yako unasema haipo. Nimwamini nani?"

Bartholomayo akamgeukia mkewe. Mchungaji alikuwa amekaa mstari wa mbele. Ma Kokwijuka akatazama chini, akakaza fundo la kanga aliyobebea mzigo wake. Na kwa nini aseme? Fedheha yote ingemwangukia yeye.

Hapo mume akapiga magoti mbele ya watu aliowasalimia kwa kidole kimoja.

"Redio ni mke wangu, waitu," akasema. "Alikataa. Nilimlazimisha mimi, kwa kupenda kutukuzwa."

Ndipo yule mama akafungua kanga aliyobebea debe, akaingiza kichwa. "Habari za leo. Mwanamume mmoja wa Kishanda aliona haya kuitwa maskini, sasa anaitwa mwongo. Mkewe amechoka kunusa mafuta ya taa. Mwisho wa habari."

"Ndiyo hiyo hiyo!" Karugendo akaruka. "Ndiyo iliyonipa mafua!"

Hakimu alivua miwani akajifuta machozi. Akamwagiza karani wake atafute kitabuni kama mke hutozwa leseni. Karani akatafuta kwa bidii, akakuta baiskeli, akakuta bunduki, akakuta mbwa. Mke hakumkuta. Shauri likafutwa.

Mchungaji alimwacha Ma Kokwijuka kwenye kwaya. Lakini mwezi uliofuata jiko lao la nyasi lilishika moto. Bartholomayo alikimbia barabarani akipiga yowe, na majirani wakamwuliza kama habari hiyo ameipata Dar es Salaam. Mkewe alipotoka akapiga yowe, walikuja wote na maji. Jiko lilikuwa limekwisha kuwa majivu.

FUNZO

Ndugu zangu, ukijipamba kwa kitu usichokuwa nacho, siku moja utaitwa ukitoe, na ukweli wako utakosa shahidi. Tena usimtwishe mkeo uongo wako. Kubali kuwa mtu asiye na redio. Rubisi utakunywa tu, kwa jirani.